Mume Aliyehama kwa Awamu

Jioni ile muuguzi wa kliniki ya watoto alikuwa anapiga pasi sare yake ya kesho, akipambana na ule mkunjo wa begani usiokubali kunyooka hata ukinyunyiziwa maji, mume wake alipoingia bila mkono wa kushoto. Mume alivua viatu kisigino kwa kisigino, akavisogeza ukutani kwa mguu, akauliza kuna nini cha kula.

"Maharage," alisema muuguzi. "Mkono uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Umeuacha wapi?"

"Kwa mtu."

"Utaufuata lini?"

"Tutaona," alisema mume, akavuta kiti.

Muuguzi alichomoa pasi kwanza, kwa sababu pasi ile ilishamchomea sare mbili wakati wa mazungumzo ya aina hiyo. Kisha akamfungua mume shati, akapaangalia. Hapakuwa na jeraha. Bega lilikuwa limefunga vizuri, laini kama mgongo wa kijiko, halina damu, halina usaha, halina joto. Kwa macho ya kazi yake hapakuwa na cha kutibu. Kwa macho ya mke, mkono uliokosekana ndio uliokuwa na pete.

Kesho yake, akitoka kazini, aliuona. Ulikuwa kwenye dirisha la duka la mapazia, ukipachika kulabu kwenye pazia la zambarau, haraka haraka, kwa ustadi mkubwa. Nyumbani mkono huo ulikuwa umeshindwa kupigilia msumari mmoja tangu mwaka juzi. Pete ilikuwepo, tena imesuguliwa ikang'aa. Mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kigoda akiuelekeza. Muuguzi alimtambua. Mume wake alikuwa mwalimu wa udereva, na huyu alikuwa mwanafunzi wake aliyefeli mtihani wa kurudi nyuma mara tatu. Kila alipofeli, mwalimu alimwongezea masomo.

Muuguzi hakuingia dukani. Alikwenda baraza la usuluhishi wa ndoa.

Baraza lilikaa Jumanne na Alhamisi, katika chumba nyuma ya ofisi ya kata, chini ya feni yenye mabawa mawili. Mwenyekiti wake alikuwa mstaafu wa posta, mzee mpole aliyelowesha kidole gumba kila mara kabla ya kufungua ukurasa, hata ukurasa ukiwa mmoja.

"Mama, sheria haijakuacha," alisema. "Ina njia. Kuna kusuluhishwa, kuna kumdai yule aliyeingilia ndoa yako, kuna kuomba talaka. Unataka ipi?"

"Talaka. Na nyumba igawanywe na mahakama."

"Unapenda kuanzia juu. Mumeo amefanya ugoni?"

"Nimeuona mkono wake kwa mwanamke mwingine."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Unatundika pazia."

Mwenyekiti aliandika, akakifuta alichoandika. "Kutundika pazia si ugoni, mama. Ningependa iwe, nikusaidie, lakini si ugoni. Amekutelekeza basi?"

"Kwa sehemu."

"Sehemu gani?"

"Mkono wa kushoto, kuanzia begani."

Wajumbe wawili waliokuwa kimya walinong'onezana. Mmoja alisema yeye shemeji yake alihama mguu tu, na shauri likaisha kwa kupewa ushauri. Mwenyekiti alikubali kwamba hayo yapo.

"Sheria inataka mtu awe amehama," alisema. "Mkono umehama, mtu yupo. Desturi ya baraza hili ni nusu. Akihama zaidi ya nusu, tunahesabu amehama. Chini ya hapo ametembea tu. Ila nusu hiyo usituletee kwa maneno. Kila mke anayekuja hapa anasema mumewe hayupo hata robo."

"Nitaleta kwa kilo," alisema muuguzi.

Kama kuna kitu alichokiweza, kilikuwa hicho. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaning'iniza watoto kwenye mizani ya kliniki, ile yenye kulabu juu na kisuruali cha turubai chini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuandika uzito wa kuambiwa. Mama akija na kusema mtoto amepimwa juzi kituo kingine, muuguzi alimvua mtoto nguo akamning'iniza upya. Wenzake walimcheka kwamba siku ya kufa ataomba kwanza jeneza lipimwe tupu.

Alichukua kadi ya kliniki, ile yenye mstari wa kijani, wa njano na mwekundu. Mahali pa jina la mtoto akaandika "Mume". Alikuwa na uzito wake wa zamani, kilo sitini na nne, wa siku walipopima afya kabla ya ndoa. Na wa karibuni, sabini na nane. Ijumaa ile mume alikubali kupanda mizani ya akina mama bila ubishi. Sabini na nne. Muuguzi akaweka nukta.

Mbele ya safari nukta zilishuka zenyewe. Mkono wa kulia ulifuata mwenzake baada ya wiki tatu, ukiwa umebeba mswaki. Mguu mmoja ulitoka Jumapili asubuhi na suruali ya kwendea harusini, wa pili ukaufuata kabla ya chakula cha mchana. Kifua kilichelewa kidogo kwa sababu ya kikohozi. Muuguzi alikipaka dawa, kikapona, kikaondoka. Aliyebaki alikuwa kichwa, shingo na tumbo, shingo imekaa moja kwa moja juu ya tumbo kama kofia juu ya mto. Mwenye duka la mapazia, ilisemekana, hakujua kupika.

Mume hakuona kuwa amebadilika. Asubuhi gari la mafunzo lilikuja kumchukua, mikono kwenye usukani, miguu kwenye pedali, kifua kimefungwa mkanda. Likapiga honi mbili. Muuguzi alimtoa, akamweka kiti cha nyuma, na kutoka hapo alifundisha siku nzima kwa mdomo. Askari wa barabarani aliwahi kuwasimamisha akadai leseni. Picha ya kwenye leseni ilikuwa ya kichwa, na kichwa kilikuwepo, akawaruhusu. Saa kumi na mbili gari lilimrudisha. Muuguzi alimwosha uso, akamfunga kitambaa shingoni, akamlisha.

"Chumvi imepungua," mume alisema.

"Mwambie mkono wako ukuongezee."

"Mke wangu, maneno ya nini? Mimi si nimerudi?"

Ijumaa alimtia kwenye kisuruali cha turubai, mizani ya watoto, maana ile ya wakubwa haikumshika vizuri. Alitoshea. Mshale ulicheza ukatulia kwenye kumi na saba. Akina mama waliokuwa kwenye benchi walisogea kumpisha, na mmoja aliuliza kama huyo naye ameshaota meno ya nyuma. Muuguzi aliweka nukta chini kabisa ya mstari mwekundu. Pembeni, kwa mazoea ya kazi, akaandika: Anakula vizuri. Ngozi safi. Hana homa.

Wifi yake alikuja Jumamosi. Alikuwa dada mkubwa wa mume, mwenye sauti ya kuuzia samaki, ingawa aliuza vocha. Alimbusu mdogo wake utosini, akamweka mapajani, akamwondolea ukoko wa jicho.

"Nasikia unatupeleka mahakamani," alisema.

"Nampeleka yeye, wifi."

"Hebu niambie ukweli. Waume wa wenzio wanaondoka wazima wazima, hata soksi hawaachi. Wewe umeachiwa kichwa. Kichwa! Na tumbo juu yake. Unataka nini tena?"

"Nataka karatasi ya talaka."

"Na nyumba."

"Na nyumba. Tofali za nyumba hii nilifyatua mimi, siku zangu za mapumziko. Wifi unajua, ulikuja ukanikuta nimejaa saruji mpaka kope."

"Lakini hati ina jina la nani?"

Hati ilikuwa na jina la mume, kwa sababu siku ya kusaini muuguzi alikuwa zamu, na mume akasema si lazima waende wote wawili kwa jambo dogo. Bila hukumu ya talaka hakuna wa kuigawa. Na akiondoka yeye kabla ya hukumu, mwenyekiti alishamwonya, atahesabika yeye ndiye aliyehama, tena mzima, kwa mkupuo mmoja, wala hakuna haja ya mizani.

"Basi kaa," alisema wifi. "Kichwa kinakula kiasi gani?"

"Mwulize tumbo."

Kichwa kilicheka. Kilikuwa na ucheshi, hilo halikuwahi kukanushwa.

Jumanne muuguzi alipeleka kadi barazani. Mwenyekiti alilowesha kidole, akaifuata mistari kwa kalamu, akahesabu kwa midomo. Kumi na saba kwa sabini na nane. Alimwangalia muuguzi kwa heshima, kama mtu aliyeletewa kifurushi kilichofungwa inavyotakiwa.

"Hapa hakuna ubishi," alisema. "Amehama." Akagonga mhuri kwamba usuluhishi umeshindikana, na muuguzi akaenda kufungua shauri mahakamani akiwa na kadi, cheti cha ndoa na mhuri, vyote kwenye bahasha ya kaki.

Karani wa mahakama alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu nne mfukoni. Alisoma kila kitu akiwa amesimama. "Sista, hii kesi umeshinda," alisema kwa sauti ya chini. "Mlete huyo kumi na saba, hakimu amwone, tumalize. Nani mwingine aitwe?"

"Sehemu nyingine zote."

Karani aliinua macho. "Za nini?"

"Zipimwe mbele ya hakimu. Kumi na saba naijua, nimeipima mwenyewe. Zile nyingine ni uzito wa kukisia. Mimi siandiki uzito wa kukisia."

"Sista, mahakama haijakuomba."

"Mdogo wangu, hesabu isiyo na upande wa pili si hesabu."

"Una hakika?"

"Andika," alisema muuguzi.

Karani akaandika hati ya wito: kifua kimoja, mikono miwili, miguu miwili, vyote vifike saa tatu asubuhi bila kukosa.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa, kwa kuwa baada yake kulikuwa na kesi ya mbuzi. Muuguzi alifika mapema na mume kwenye beseni la plastiki, amemvika kola mpya ya shati tu. Mizani ya mahakama, ambayo kwa kawaida ilipima vielelezo, ilikuwa imefutwa vumbi. Saa tatu na dakika tano aliingia mwenye duka la mapazia, na nyuma yake, kwa hatua za adabu, miguu, kifua na mikono, suti imenyooka, tai imefungwa vizuri pasipo na shingo.

Hakimu alivaa miwani. "Mdaiwa akae upande wake," aliamuru.

"Upi ndio mdaiwa, Mheshimiwa?" aliuliza karani.

"Wote. Upande mmoja."

Mikono ilikwenda kwenye beseni, ikamwinua aliyekuwemo, ikamweka mahali pake. Haikuwa kazi ngumu. Tumbo liliingia chini ya kifua kama droo inayorudi kabatini, shingo ikapita kwenye tai, kichwa kikageuka kulia na kushoto kujaribu. Kisha mwalimu wa udereva akasimama, mrefu, mabega mapana, akapandisha suruali, akainama kidogo.

"Mheshimiwa, naomba radhi kwa kuchelewa," alisema.

Ilikuwa miezi minane muuguzi hajamwona mzima. Alikuwa amesahau kwamba ni mwanaume wa sura nzuri. Hilo lilimkera kuliko mengine yote yaliyotokea siku ile.

Alipandishwa mizani. Karani akasoma kwa sauti: "Themanini, Mheshimiwa."

"Alipooa?"

Kadi ikapelekwa mezani. "Sitini na nne," alisoma hakimu, akaiweka chini kwa upole. "Mdai, umeiambia mahakama kwamba mume wako amehama zaidi ya nusu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye. Lakini ameungana hapa hapa, sasa hivi, kwa sababu ameitwa. Nyumbani kwangu ana kilo kumi na saba."

"Nani aliomba aitwe wote?"

Karani alizitazama kalamu zake.

"Ni mimi, Mheshimiwa," alisema muuguzi.

"Mahakama huamua kwa inachokiona," alisema hakimu. "Inamwona mwanaume mmoja, kamili, ameongezeka kilo kumi na sita tangu ndoa."

"Si kamili," alisema muuguzi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Jicho lake la kazi lilikuwa limeshashuka kutoka kichwani hadi chini, kama lilivyomkagua kila mtoto. "Mheshimiwa, naomba avuliwe kiatu cha kushoto."

Mume alisema si lazima. Karani alikivua. Ndani hamkuwa na unyayo. Mlikuwa na kipande cha pazia la zambarau, kimekunjwa vizuri na kushindiliwa mpaka mahali pa vidole. Mwenye duka la mapazia aliangalia dirishani.

"Amesimama?" aliuliza hakimu.

"Amesimama, Mheshimiwa," alisema karani.

"Basi. Mahakama haihesabu nyayo." Hakimu aliigeuza kadi. "Zaidi ya hayo, mdai, huu ni mwandiko wako? 'Anakula vizuri. Ngozi safi. Hana homa.' Kila Ijumaa?"

"Ni wangu."

"Umemlisha, umemwosha, umempaka dawa ya kifua wakati kifua chenyewe kilikuwa njiani kwenda kwa mwanamke mwingine. Sheria inaliita hilo kuridhia. Mke aliyeridhia hawezi kulalamika."

"Mheshimiwa, alikuwa anakohoa."

"Na mahakama inakusifu kwa hilo," alisema hakimu, kwa moyo safi kabisa, akaandika hukumu. Ndoa ipo. Mume yupo. Nyumba ni ya mume kama hati inavyosema, na mke arejee humo akaendelee na wajibu wake. Asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku arobaini na tano. Kesi ya mbuzi iitwe.

Muuguzi alimwuliza karani kama kwenye rufaa mume ataitwa tena.

"Ataitwa," alisema karani. "Wote. Ombi lako limeshaingia kwenye jalada, sista, haliondoki." Alionekana kuumia kweli. Akampa kalamu moja kati ya nne asaini kwamba ameelewa hukumu, na muuguzi akasaini, kwa kuwa alikuwa ameielewa. Mkono wa kulia wa mume ukasaini chini yake, kwa madaha, ukapiga mstari mrefu.

Kwenye ngazi za nje mume alitulia, akavuta pumzi, akasema jua limechomoza vizuri. Kisha viungo vikaachana. Miguu ilitangulia kwenye gari, kifua kikafuata, mikono ikamshusha aliyebaki ndani ya beseni, ikalirekebisha beseni lisiyumbe, ikaenda. Hakuna aliyegeuka kutazama, isipokuwa mbuzi.

Mwenye duka la mapazia hakuondoka nao mara moja. Alisimama karibu na muuguzi, mkoba ameukumbatia.

"Dada," alisema.

"Unasemaje?"

"Ule unyayo. Ni wiki ya pili sasa hivi. Naambiwa uko kwa mwanafunzi mpya, wa Jumatano."

"Pole."

"Na mimi nikitaka kushtaki, naanzia wapi?"

Muuguzi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na uzi mweupe umeganda kwenye mkono wa blauzi. Kwa miezi minane alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia mwanamke huyu, mengine makali mno, mengine yenye vina kabisa. Aliyatafuta, akayakuta yote yamo, na hakuna hata moja lililomfaa mtu aliyeuliza njia.

"Baraza la usuluhishi," alisema. "Jumanne na Alhamisi, nyuma ya ofisi ya kata. Wahi foleni. Watakuomba cheti cha ndoa."

"Mimi sina cheti."

"Basi usiende. Watakuuliza unyayo ulikuwa unafanya nini."

Mwenye duka aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeandika moyoni. Gari lilipiga honi mbili. Alikwenda akaingia mbele, upande wa mwanafunzi.

Muuguzi aliliinua beseni. Kilo kumi na saba si nyingi kwa mtu aliyezoea, lakini njia ilikuwa ya kupanda. Walipopita kituo cha mafuta mume alisema hakimu yule ana busara, hakimu wa namna ile hupatikana mmoja mmoja. Walipopita shule alisema ana njaa. Upepo ulianza kuvuma na mchanga, na muuguzi akaona mume anapepesa macho, akavua kitambaa chake cha kichwani akamfunika nacho hadi puani.

"Nigeuze," alisema mume ndani ya kitambaa. "Nataka kuona tunakokwenda."

Akamgeuza. Hukumu ilisema nyumbani kwa mume, na huko ndiko walikokwenda.